Skani ya mwili mzima: safari ndefu kutoka Wimbledon hadi Kahawa

Wiki hii naweka kando seva na hifadhidata, tuzungumze historia. Lakini usiondoke, maana kompyuta zimo tele.

Sisi wa Landless tukitaka kwenda Nairobi tunashuka hadi Thika mjini, tunaingia barabara kuu, tunapita Juja na Ruiru, kisha Kahawa. Hapo Kahawa West, kilomita zisizozidi 40 kutoka mtaani kwetu, kuna Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ndani yake kuna mashine ya PET/CT, ile inayomwangalia mgonjwa kuanzia chini ya fuvu hadi mapajani kwa mara moja na kuonyesha saratani ilikojificha. Miaka kumi tu iliyopita, Mkenya aliyeandikiwa kipimo hicho alitafuta pasipoti kwanza. Wengi walikwenda India.

Watu wakisikia habari kama hii husema, "Hatimaye mashine imefika." Nimesoma historia yake kwa muda sasa, na nimeona jambo moja linalojirudia: mashine haijawahi kutosha. Kila hatua ya teknolojia hii ilisubiri kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha za siku ya uzinduzi. Mara ilikuwa hesabu, mara usafiri, mara malipo. Siku hizi, hapa kwetu, ni programu na mtandao. Ndiyo maana nadhani inatuhusu sisi wa kompyuta kuliko tunavyofikiri.

KANDA NDANI YA GARI

Tuanze Uingereza. Godfrey Hounsfield alikuwa mhandisi wa EMI, kampuni iliyojulikana zaidi kwa santuri za muziki, zikiwemo za The Beatles. Kabla ya mambo ya hospitali aliongoza utengenezaji wa EMIDEC 1100, kompyuta ya transista. Mwaka 1967 alianza kujiuliza swali ambalo mtu wa programu atalipenda: ukiwa na sanduku lililofungwa, ukalipima kwa mionzi kutoka pembe nyingi, je, unaweza kukokotoa kilichomo bila kulifungua?

Jibu lilikuwa ndiyo, ila polepole mno. Jaribio lake la kwanza lilichukua siku 9 kukusanya vipimo, na kompyuta ikachukua saa 2 na nusu kuvichakata. Mgonjwa wa kwanza alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, London. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Mashine ilichukua vipimo 160 katika kila moja ya pembe 180, jumla 28,800.

Kompyuta ya kuchakata vipimo hivyo haikuwa hospitalini. Data zilirekodiwa kwenye kanda ya sumaku, kanda ikabebwa kuvuka jiji hadi EMI, na picha ikarudi baadaye. Picha yenyewe ilikuwa na nukta 80 kwa 80, yaani 6,400. Ikoni moja tu kwenye simu yako ina nukta nyingi kuliko hizo! Hata hivyo uvimbe ulionekana, na udaktari wa ubongo haukuwa tena kama zamani.

(Ikumbuke hiyo kanda. Tutakutana na ndugu yake huko mbele.)

Kuna Mwafrika katika hadithi hii pia. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg na alikuwa mwalimu wa fizikia Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia dawa za mionzi, naye akafanya kazi hiyo kwa miezi michache. Aliona kwamba waliopanga matibabu ya mionzi walikokotoa kana kwamba mwili wote ni nyama ya aina moja, bila kujali mfupa au pafu. Akaanza kutafuta hesabu ya kujua kilichomo ndani kutokana na vipimo vya nje. Alichapisha matokeo mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Mwenyewe alisimulia kwamba miongoni mwa wachache walioomba nakala walikuwa Waswisi wanaochunguza maporomoko ya theluji.

Hesabu ilikuwepo, lakini kompyuta ya kuifanya kwa bei na kasi ya kufaa hospitali haikuwepo. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa hospitali, wala hakuna aliyekuwa na shahada ya uzamifu.

KUTOKA KICHWANI HADI TUMBONI

Mashine ya EMI ilipima kichwa peke yake. Kichwa cha mgonjwa kilizungukwa na mfuko wa maji ili vipimo vilingane, na kila mzunguko ulichukua dakika kadhaa. Kichwa kinaweza kutulia dakika kadhaa. Kifua na tumbo haviwezi, kwa sababu mtu anapumua.

Aliyevuka kikwazo cha maji ni Robert Ledley wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Ledley alisomea udaktari wa meno, kisha fizikia, kisha akageuka mtu wa kompyuta. Mwaka 1959 yeye na Lee Lusted walikuwa wameandika makala maarufu kuhusu jinsi hesabu za uwezekano zinavyoweza kumsaidia daktari kutambua ugonjwa. Georgetown walipotaka mashine ya EMI na kuona bei yake, Ledley alisema angewatengenezea yao. Mashine yake, ACTA, ilianza kupima wagonjwa mwaka 1974. Haikuhitaji maji, na mgonjwa aliweza kuingizwa sehemu yoyote ya mwili. Ndiyo skana ya CT ya kwanza ya mwili mzima.

Kikwazo cha pumzi kilishughulikiwa kwa kasi. Mwaka 1975 EMI walitoa mashine ya mwili iliyomaliza mzunguko kwa sekunde zipatazo 20, muda ambao watu wengi wanaweza kuzuia pumzi. Mwaka 1989 Mjerumani Willi Kalender na wenzake wakaonyesha skani ya mzunguko wa mfululizo: kitanda kinasonga huku mashine inazunguka bila kusimama, kama mtu anayemenya chungwa kwa ganda moja refu. Kuanzia hapo kifua kizima kiliweza kupigwa kwa pumzi moja.

DAWA YENYE SAA NDANI YAKE

CT inaonyesha umbo. Haikuambii kama kivimbe kile ni kovu la zamani au saratani inayokua. Hapo ndipo PET inapoingia.

Wazo lake ni rahisi. Seli nyingi za saratani hula glukosi kwa pupa kuliko jirani zake. Basi unatengeneza sukari inayofanana na glukosi, unaipachika chembe ya florini-18 yenye mionzi, unamdunga mgonjwa, anapumzika kama saa moja, kisha unaangalia sukari imekusanyika wapi. Florini hiyo ikivunjika hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni zinafutana, na fotoni mbili zinaruka pande mbili zilizo kinyume. Vihisi vinavyomzunguka mgonjwa vikipata fotoni mbili karibu kwa wakati mmoja, mashine inajua chanzo kiko mahali fulani kwenye mstari unaounganisha vihisi hivyo. Kusanya mamilioni ya mistari kama hiyo, tumia hesabu za ukoo wa Cormack, na picha inatokea.

Tatizo ni saa. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Kwa lugha yetu, hii ni data yenye muda wa kuisha, na huwezi kuubadilisha kwenye faili la mipangilio:

kilichobaki = 0.5 ^ (dakika / 110)

Saa moja baada ya kutengenezwa, imebaki kama asilimia 69. Baada ya dakika 220 imebaki robo. Ukiiweka kwenye ndege kwa muda wa saa 6, imebaki kama asilimia 10, bado hujafika forodha wala hujapigana na foleni ya Mombasa Road.

Waanzilishi walilijua hili vizuri. Mwaka 1976 watu wa kwanza kupigwa picha kwa sukari hiyo walikuwa Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Dawa ilitengenezwa kwenye maabara ya Brookhaven, New York, ikapelekwa kwa ndege ndogo. Walipiga picha za ubongo na pia za mwili mzima. Lakini huwezi kuendesha hospitali kwa kukodi ndege kila asubuhi. Kwa miaka mingi PET ilibaki kifaa cha watafiti, zaidi kwa ubongo na moyo. Ilipofika 1992, Magnus Dahlbom na wenzake wa UCLA walichapisha njia ya kupiga picha kitanda kikisogezwa hatua kwa hatua na kuziunganisha ziwe moja ya mwili mzima. Madaktari wa saratani wakaanza kusikiliza.

Bado kulikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa kujua mahali: doa linang'aa, lakini liko kwenye utumbo au kwenye mfupa ulio nyuma yake? David Townsend na Ron Nutt waliunganisha CT na PET kwenye kitanda kimoja, na mashine yao ya majaribio ikaanza kazi Pittsburgh mwaka 1998. Picha mbili zikaweza kulazwa moja juu ya nyingine. La pili lilikuwa pesa. Mwaka huo huo wa 1998, Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianza kulipia PET kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu, kisha orodha ikaongezwa. Mashine nzuri isiyolipiwa na bima ni fanicha ya gharama kubwa.

KENYA: VIFAA KWANZA

Sasa turudi nyumbani. Februari 2015 serikali ya kitaifa ilisaini mikataba ya kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Vifaa vya picha vilikuwa sehemu kubwa ya mpango huo. Nia ilikuwa njema: mtu wa Mandera asilazimike kuja Nairobi kwa ajili ya picha.

Kilichofuata tunakijua. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na baadaye kamati maalumu ya Seneti iliyotoa ripoti mwaka 2020, walikuta baadhi ya vifaa vimekaa bila kutumika. Mahali pengine umeme haukutosha, pengine maji, pengine hakukuwa na mtu aliyesomea kuviendesha. Kaunti ziliendelea kukatwa pesa hata hivyo.

Kuna kipande kimoja cha sakata hilo ambacho kiliniuma kama mtengenezaji programu. Mwaka 2017 ulisainiwa mkataba mwingine, wa takriban shilingi bilioni 4.9, wa mfumo wa kompyuta wa kuziunganisha hospitali hizo. Picha ingepigwa kaunti moja na kusomwa na mtaalamu aliye kwingine. Mkataba ulivunjwa kabla mfumo haujafanya kazi. Kwa hiyo tulinunua macho mengi, lakini mishipa ya kupeleka kilichoonekana hadi kwenye ubongo haikufika.

SAIKLOTRONI KARIBU NA NYUMBANI

PET ilikuja kwa njia nyingine. Kwa sababu ya zile dakika 110, huwezi kununua skana peke yake. Unahitaji saiklotroni, yaani mashine ya kutengenezea florini-18, pamoja na maabara ya kuigeuza sukari, mkemia wa kuipima ubora kabla haijamwingia mtu, mwanafizikia wa mionzi, na sheria ya kuwasimamia wote. Kenya ilipata sheria mpya ya nyuklia mwaka 2019, iliyounda mamlaka ya kudhibiti mionzi, KNRA.

Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilizindua PET/CT na saiklotroni yake mwaka 2018. Hospitali ya Kahawa ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2019, na miaka michache baadaye ikafungua kituo cha picha chenye saiklotroni yake, safari hii katika hospitali ya umma.

Fikiria ratiba ya siku moja pale. Saiklotroni inawashwa alfajiri. Mgonjwa wa kwanza ametoka Thika bila kula, kwa sababu chakula kingevuruga sukari. Dozi yake imekokotolewa kwa saa atakayodungwa, si kwa saa iliyotengenezwa. Akikwama kwenye foleni njiani nusu saa, dawa yake haimsubiri. Umeme ukipotea katikati, kundi zima la dawa laweza kuharibika, na waliopangwa siku hiyo wote wanarudi nyumbani na njaa yao. Huu ni mfumo wa wakati halisi kuliko programu nyingi tunazojisifu nazo.

NDUGU YA ILE KANDA

Sasa picha imepigwa. Inafikaje kwa daktari wa saratani?

Mashine zote hizi huandika faili za DICOM. Kiwango hicho kilianza mwaka 1985 kwa jina ACR-NEMA, wakati kila kampuni ilikuwa na muundo wake wa siri, na kikapata jina la DICOM mwaka 1993. Ukifungua faili kwa programu ya kusoma baiti utaona baiti 128 za mwanzo ambazo mara nyingi ni tupu, kisha herufi DICM. Baada ya hapo yanafuata jina la mgonjwa, tarehe, kipimo cha kila nukta, na picha yenyewe. Kipande kimoja cha CT chenye nukta 512 kwa 512, baiti 2 kila nukta, ni nusu megabaiti. Vipande 300 ni megabaiti 150. Si kitu cha kutisha. Watu hutumiana video kubwa kuliko hizo za arusi.

Lakini mwaka jana mama mmoja wa hapa mtaani alinijia na CD ndani ya bahasha ya kaki. "Kijana, wewe si ndiye wa kompyuta? Hebu nifungulie hii." Hospitali aliyopimwa ilimpa CD. Zahanati aliyopelekea haikuwa na kompyuta yenye mahali pa kuingizia CD, na programu iliyokuwa ndani ilitaka Windows ya zamani. Daktari akasoma ripoti ya karatasi tu, ukurasa mmoja, kisha akamwambia arudi na picha. Nilinakili faili kwenye flashi pamoja na programu huru ya kuzifungulia, nikamwambia, "Mpelekee hii, mama." Ilichukua dakika 20. Yeye alikuwa ameshapoteza wiki mbili.

Mwaka 1971 data zilibebwa kwenye kanda kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Leo kuna nyaya za faiba zinazopita kando ya barabara kuu ya Thika, na mgonjwa bado ndiye mtandao. Tena programu za kazi hii si lazima zinunuliwe. Orthanc, seva huru ya DICOM iliyoanzia hospitali ya Liège, Ubelgiji, inapatikana bure tangu 2012 na inaendeshwa hata kwenye kompyuta ya kawaida. Kinachokosekana ni makubaliano: nani anaruhusiwa kuona, nani anatunza, na nani anaamka usiku seva ikizima. Picha ya mwili wa mtu si picha ya sherehe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

JE, TWENDE SOTE TUKAPIGWE?

Swali hili hulikosi. Kama skani inaona mwili mzima, kwa nini kila mtu asipigwe mara moja kwa mwaka?

Wamarekani walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kliniki za CT ya mwili mzima zilifunguliwa hadi kwenye maduka makubwa, watu wenye afya wakilipa wenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba hakuna ushahidi wa faida kwa mtu asiye na dalili, na biashara hiyo ikafifia. Siku hizi imerudi kwa sura ya MRI, ambayo haina mionzi ya eksirei.

Hesabu inaeleza kwa nini. Chukua mfano wa watu 1,000 wazima, 10 kati yao wana ugonjwa bila kujua. Kipimo kinapata wagonjwa 9 kati ya 10, na kinawaambia ukweli wazima 9 kati ya 10. Utapata wagonjwa 9 wa kweli, na wazima 99 walioambiwa kuna kitu. Hao 99 watapigwa tena, watakatwa vinyama vya kupimwa, watakosa usingizi. Ledley angelitambua tatizo hili mara moja, kwa maana ndilo aliloliandikia mwaka 1959. Mgonjwa ambaye tayari ana saratani, na daktari anayetaka kujua imefika wapi kabla ya kuchagua upasuaji au dawa, ana hesabu tofauti kabisa. Kipimo kile kile kwake ni lulu.

Kwa hiyo nikisikia mashine nyingine inazinduliwa, nina maswali manne. Nani ataiendesha? Nani atalipa, sasa kwa kuwa SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024? Umeme ukipotea kutakuwa na nini? Na picha itamfikiaje daktari wa mgonjwa aliyetoka Landless?

Hilo la mwisho halihitaji saiklotroni. Linahitaji watu kama sisi. Kama unaandika programu na unaishi karibu na hospitali yoyote, siku moja waulize CD zao huishia wapi.

Tukutane wiki ijayo.